KINYWA KILICHOCHORWA: KISWAHILI KATIKA MATAMASHA YA FILAMU HURU NA KATUNI

I. Jambo lenyewe

Vyuo vikuu vimekuwa na mkono katika matamasha ya filamu tangu zamani. Huko Marekani, tamasha la Ann Arbor lilianzishwa mwaka 1963 na Bwana George Manupelli, mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Michigan, na hata leo lahesabiwa miongoni mwa matamasha ya kale ya filamu za majaribio. Kwetu Afrika ya Mashariki tamasha lililo mashuhuri kuliko yote si la chuo. Ni lile la Zanzibar, liitwalo ZIFF kwa ufupi, au Tamasha la Nchi za Jahazi, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998 na ambalo limezoeleka kuonyesha filamu zake katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Hata hivyo, kwa miaka mingi tamasha hilo liliongozwa na msomi, Profesa Martin Mhando, aliyekuwa pia mwalimu wa chuo kikuu huko Australia. Sasa vyuo vyetu wenyewe, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, vyafundisha sanaa za maonyesho na filamu. Na penye mafundisho ya filamu, tamasha haliko mbali. Kwa hiyo si mapema mno kuuliza: chuo kikuu kikiwa mwenyeji wa tamasha la filamu huru na katuni, kitaleta nini ambacho mwenyeji mwingine hawezi kukileta?

Jibu langu ni kwamba kitaleta sikio. Filamu za Afrika ya Mashariki zimetazamwa na waamuzi wengi, wa hapa na wa ng'ambo, nao wamepima picha zake, mwanga wake, uigizaji wake na ujumbe wake. Lakini usemi wake haujapimwa kama usemi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo si ndogo, kwamba katika katuni ni kubwa zaidi kuliko katika filamu za waigizaji, na kwamba kuiondoa ni kazi ipasayo chuo.

Kwanza yafaa kueleza maneno. Ninaposema filamu huru nina maana ya filamu ambayo mtengenezaji wake hakuagizwa na serikali wala na kampuni kubwa, bali ameitunga kwa shauri lake, mara nyingi kwa fedha za kuungaunga. Kuhusu picha za kuchorwa zinazokwenda, tuna maneno matatu yanayoshindana. Kibonzo lilizoeleka zaidi kwa mchoro wa kuchekesha uliosimama gazetini. Uhuishaji latokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai, nalo kwa maana ndilo lililo karibu zaidi na kazi yenyewe. Lakini halijashuka mitaani. Hapa Mkonze, kata ya Jiji la Dodoma ambako nayaandika haya, mtoto akiitwa aje kutazama huambiwa kuna katuni. Nami nitafuata mtoto wa Mkonze.

II. Lugha iliyokaa mbali na picha

Mazoea ya kuitenga lugha na filamu yana historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Bwana L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham walifanya jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, wakatengeneza zipatazo 35. Walieleza habari za kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Lililo muhimu kwa mwanaisimu ni kwamba sauti haikutiwa katika ukanda wa filamu. Iliwekwa katika santuri, ikapigwa pamoja na picha. Kwa kuwa sauti ilikuwa mbali na picha, iliwezekana kuondoa santuri ya lugha moja na kuweka ya lugha nyingine, na picha zisibadilike hata kidogo. Kwa mwenye kutaka kufikisha amri au mafundisho, huo ni ufundi wenye manufaa. Lakini umebeba fikira ndani yake, nayo ni kwamba lugha ni vazi la nje, na kwamba mtu aonekanaye katika picha ni yule yule, asemapo Kiswahili na asemapo Kinyanja.

Miaka kama kumi na tano baadaye zilikuja filamu zilizoigizwa na kusemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na katika mojawapo, iitwayo Muhogo Mchungu, mwigizaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wamkumbuka Mzee Kawawa kwa siasa tu, yaani kwamba alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 na kisha Makamu wa Pili wa Rais. Wachache wakumbuka kwamba yeye ndiye aliyetangaza, mwanzoni mwa mwaka 1967, kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyomfundisha neno hilo. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera na kusema Kiswahili kwa watazamaji wa makabila mengi alikuwa na ushahidi, kabla ya wasomi wengi, kwamba lugha hii yaweza kubeba mambo ya watu wazima.

Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na filamu kama Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, zikaeleza siasa ya Ujamaa kwa Kiswahili. Baadaye ikaja Arusi ya Mariamu, mwaka 1985. Lakini kampuni hiyo ilidhoofika ikatoweka, na vibanda vya video vikajaa filamu za Marekani, Hong Kong, Uhindi na Nigeria. Hapo kukazuka jambo la ajabu ambalo lastahili kusomwa na wanaisimu: watu waliokaa na kipaza sauti wakaisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza mizaha, methali na ushauri kwa wahusika. Tanzania alijulikana Kapteni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu. Kenya amejulikana DJ Afro. Wasomi wengi waliwapuuza kwa kuwa hawatafsiri sawasawa. Ni kweli kwamba hawatafsiri sawasawa. Lakini watazamaji waliokwenda vibandani walikuwa wakikubali kulipa ili wasikilize, na msimulizi aliyekuwa na Kiswahili kibovu au kikavu hakupata wateja. Huyo alikuwa mwamuzi mkali wa lugha kuliko wowote tulio nao katika matamasha yetu ya leo.

III. Jina la Kiswahili, usemi wa Kiingereza

Katika filamu huru na katuni za siku hizi, Kiswahili kimepata heshima ya namna ya pekee, yaani kimekuwa lugha ya majina. Mambo haya hayakuanza kwetu. Filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotoka Marekani mwaka 1994, ilichukua maneno simba, rafiki na pumbaa ikayafanya majina ya wanyama wake, na maneno hakuna matata ikayafanya wimbo. Kampuni ya Disney ikaomba maneno hayo mawili yaandikishwe kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, ikakubaliwa huko Marekani mwaka 2003. Na mwaka 2018 watu wengi wakatia sahihi waraka wa kulipinga jambo hilo. Ugomvi ule ulikuwa na haki yake. Hata hivyo, wakati tulipokuwa tukigombea maneno mawili yaliyochukuliwa, hatukuuliza ni maneno mangapi ya Kiswahili tuliyoyatia sisi wenyewe katika vinywa vya wahusika wetu.

Tutazame mifano. Bibi Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa mwaka 2009 filamu fupi iitwayo Pumzi, juu ya dunia iliyokaukiwa maji. Ni kazi iliyofikiriwa vizuri, na jina lake ni zuri kwa kila njia: ni neno fupi, nalo ni la mwili, la uhai na la upepo kwa mara moja. Lakini Asha, mhusika mkuu, hasemi sana, na maneno machache yasikikayo ni ya Kiingereza. Mwaka 2010 ilitoka Nairobi katuni ya watoto Tinga Tinga Tales, iliyochukua jina na namna ya uchoraji ya marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini ya Tanzania aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Rangi ni za kwetu, wanyama ni wa kwetu, hata mtindo wa hadithi za kueleza asili ya mambo ni wa kwetu; maneno yalitungwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya televisheni ya watoto ya BBC.

Mwaka 2023 ikaja Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi 10 za waongozaji wa Kiafrika, uliotolewa na Disney na kusimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Afrika ya Mashariki ilikuwa na watu wake humo: Bibi Ng'endo Mukii wa Kenya, aliyeongoza Enkai, na Bwana Raymond Malinga wa Uganda, aliyeongoza Herderboy. Nimeona baadhi ya watu wakisema kwamba jina Kizazi Moto si Kiswahili sanifu, kwa kuwa ingepasa kuwa kizazi cha moto. Sikubaliani nao. Kiswahili kina desturi ya kuweka nomino mbili pamoja pasipo kiunganishi, ya pili ikaifafanua ya kwanza: twasema mbwa mwitu, askari kanzu, kidole gumba, bwana shamba, na maji moto. Aliyelitunga jina hilo alifuata njia iliyo wazi katika lugha. Tena ndani ya mkusanyo huo mna katuni iitwayo Hatima, ambayo waongozaji wake ni wa Afrika Kusini. Hilo ni jambo la kutufurahisha: msanii wa Afrika Kusini atafutapo neno zito la Kiafrika, mkono wake waenda kwenye kamusi ya Kiswahili. Lakini mtazamaji akiisha kulipita jina, akutana na Kiingereza. Kiswahili kimesimama mlangoni kama bawabu aliyevaa vizuri, naye hakuruhusiwa kuingia ukumbini.

Siwalaumu watungaji hao, kwa maana nitaeleza baadaye kwamba mlango haukufungwa na wao. Nalaumu desturi ya uhakiki ambayo haikuliona jambo hilo kuwa la kusemwa.

IV. Kinywa kilichochorwa

Msomaji aweza kusema kwamba filamu ikishatengenezwa kwa Kiingereza yaweza kutiwa sauti ya Kiswahili, na mambo yakaisha. Kwa filamu ya waigizaji jambo hilo ni gumu. Kwa katuni laonekana kuwa rahisi, kwani kinywa ni mchoro tu. Kwa hakika ni kinyume, na hapa isimu ina neno la kusema.

Katika filamu ya waigizaji, mtu asema na kamera hunasa kinywa chake. Katika katuni iliyofanywa kwa uangalifu, sauti hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji huisikiliza silabi kwa silabi na kuchora kinywa kiifuate. Kwa maneno mengine, lugha hutangulia na mwili hufuata. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Tukichukua, kwa mfano, msemaji atoaye silabi sita kwa sekunde, kila silabi ina picha nne. Katika picha hizo nne mchoraji hana budi kujua kama midomo imefumbwa, kama katika p, b na m. Kama meno ya juu yamegusa mdomo wa chini, kama katika f na v. Au kama kinywa kimeviringwa, kama katika o, u na w.

Sasa Kiswahili kina tabia tatu ambazo mchoraji aliyezoea Kiingereza hazitarajii. Ya kwanza, silabi zetu nyingi huishia kwa vokali, na neno la asili ya Kibantu huishia kwa vokali daima. Kinywa cha Mswahili hufunga kauli kikiwa wazi. Kiingereza kina maneno mengi yaishiayo kwa konsonanti, na kinywa chake mara nyingi hufunga kauli kikiwa kimefumbwa au kimebanwa. Ukitia sauti ya Kiswahili katika kinywa kilichochorwa kwa Kiingereza, waona kinywa kimekwisha fumbwa na sauti bado iko nje. Mtoto hawezi kulieleza kosa hilo, lakini aliona. Huhisi kwamba yule kiumbe hasemi, bali husemewa.

Ya pili ni urefu. Neno ninakupenda ni neno moja lenye silabi tano, na ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Kiingereza husema hayo kwa maneno matatu yenye silabi tatu. Atiaye sauti ya Kiswahili baadaye hujikuta na silabi tano katika nafasi ya tatu, naye hana ila njia mbili: aharakishe, au akate. Akiharakisha, wahusika wote wasema kama watu wanaokimbizwa. Akikata, aondoa kwanza yale madogo ambayo ndiyo adabu ya lugha: tafadhali, mwanangu, samahani, shikamoo, hebu, basi. Ndiyo sababu Kiswahili cha katuni zilizotiwa sauti mara nyingi huonekana cha watu wasiolelewa. Wahusika hawakukosa malezi, ila walikosa silabi.

Ya tatu ni mkazo. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya kigeni, na silabi hiyo hurefuka kidogo. Msemaji akikazia neno, kichwa chake, nyusi zake na mkono wake hufuata silabi hiyo: sa-ma-HA-ni. Neno likipata kiambishi mwishoni, mkazo huhama: sema, lakini semeni; na mwendo wa mwili nao huhama. Mchoraji aliyekisikia Kiswahili tangu mwanzo hulifanya jambo hili pasipo kulijua. Aliyechora kwa Kiingereza ameweka nyusi mahali pengine.

Kwa hiyo katika katuni, kuchagua lugha ni kuchagua mwili wa mhusika. Tofauti na santuri za Vugiri, hapa lugha haiwezi kuvuliwa na kuvikwa. Nionavyo mimi, hii ndiyo hoja iliyo nzito kuliko zote ya kutaka katuni zitungwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, nayo haihusu uzalendo hata kidogo. Yahusu ubora wa kazi.

V. Filamu zinazosema

Haifai kuhesabu kasoro tu. Ziko kazi ambazo Kiswahili ndicho damu yake. Bwana Amil Shivji alitoa T-Junction, filamu iliyofungua tamasha la Zanzibar mwaka 2017. Msichana Fatima, aliyefiwa na baba, akutana hospitalini na Maria, naye Maria amsimulia habari za watu wa njia panda moja ya Dar es Salaam, kidogo kidogo, kwa siku mbalimbali. Umbo lote la filamu latokana na usimulizi: twangojea kipande kijacho kama wajukuu wamngojeavyo bibi. Filamu hiyo isingeweza kuwapo kama Maria angekuwa hana lugha ya kumshika msikilizaji.

Baadaye mwongozaji huyo huyo akaitoa Vuta N'Kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, nayo yaeleza mapenzi ya Yasmin na Denge katika Unguja ya miaka ya 1950, wakati wa kupigania uhuru. Wahakiki wa ng'ambo wameisifu kwa uzuri wa picha, nao wamesema kweli. Lakini hawakuweza kusikia kwamba Kiswahili chake ni cha Unguja, na kwamba mzaha wa wanawake wa Ng'ambo ni silaha ileile ya siasa ambayo wanaume waitumia kwa njia nyingine. Maandishi ya tafsiri yapitayo chini ya picha hueleza lililosemwa, hayaelezi lilisemwaje. Katika ukumbi wa watu mchanganyiko, kicheko huja mara mbili: kwanza cha wasikiao, kisha cha wasomao, na hicho cha pili ni chembamba. Mwamuzi asiyejua Kiswahili huhukumu kwa kicheko cha pili.

Mfano mwingine watoka mbali, nao wakihusu chuo hasa. Mwaka 2017 wanafunzi wa filamu wa Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Bibi Katja Benrath, walitoa filamu fupi Watu Wote, juu ya basi lililoshambuliwa karibu na Mandera mwezi wa Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu waliwakinga wenzao Wakristo. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 iliteuliwa kugombea Oscar yenyewe. Wahusika wake wasema Kiswahili na Kisomali. Wanafunzi wa Kijerumani waliona kwamba tendo lile halingesadikiwa kwa lugha nyingine. Sijui kwa nini mwanafunzi wa Dodoma au Nairobi aambiwe kwamba lugha hiyo hiyo itamzuia kusikika duniani.

Katika katuni, kazi iliyokwenda mbele ni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014 na Akili and Me mwaka 2016. Hapa Kiswahili kilitangulia, na matokeo yake yaonekana: nyimbo za hesabu zimekaa katika mizani ya lugha, na vinywa vyafuata. Watoto wa Mkonze wazijua. Nina neno moja tu la kuhakiki. Kiswahili cha katuni hizi ni safi, lakini ni safi kwa namna ya darasa. Akili ni mtoto aishiye chini ya mlima Kilimanjaro, lakini sikio halitambui kama amezaliwa huko, au Tanga, au hapa Ugogoni. Mtoto mwenye kusikia katuni hizi hujifunza, pamoja na hesabu, kwamba Kiswahili chema hakina mahali.

VI. Mashaka yanayoweza kuletwa

Mtengenezaji wa filamu aweza kunijibu kwamba nasema maneno ya mtu mwenye mshahara. Fedha za filamu huru hutoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Mwenye fedha ataka kusoma mswada kwa Kiingereza. Na anunuaye katuni ataka iuzike nchi nyingi kwa sauti moja. Hoja hii ni ya haki, nayo ndiyo niliyoiweka akiba niliposema kwamba mlango haukufungwa na watungaji. Lakini hasa kwa sababu hiyo tamasha la chuo lahitajika. Chuo hakiuzi filamu. Ikiwa mahali pasipo na biashara nako mtungaji hawezi kupata sifa kwa usemi wa Kiswahili, basi atafute wapi?

Shaka la pili nalihofia zaidi, kwa maana latokana na sisi wenyewe. Mwanaisimu akipewa kiti cha mwamuzi, huenda akageuka askari wa lugha, akahesabu makosa ya upatanisho wa ngeli katika usemi wa mlevi au mtoto. Hilo lingekuwa baya kuliko Kiingereza. Usanifu wa Kiswahili, ulioshughulikiwa tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, ulikusudiwa kwa vitabu vya shule na maandishi ya wote. Haukukusudiwa kuwa kinywa cha kila mhusika. Mkulima wa zabibu wa Dodoma asemaye kama msomaji wa taarifa ya habari ni uongo, sawa na mkulima huyo asemaye Kiingereza. Kitu cha kupimwa si usahihi, bali ni kama huyu mtu, mahali hapa, mbele ya mtu yule, angesema hivi.

VII. Kazi ya chuo, na jaribio la Mkonze

Tamasha la chuo lifanye nini? Kwanza, kila jopo la waamuzi liwe na mtu asikiaye lugha ya filamu kama mwenyeji, na iwepo tuzo ya usemi, mbali na tuzo ya mwongozo na ya uigizaji. Pili, kila filamu iingizwayo ilete mswada wa maneno yake, uhifadhiwe maktabani. Baada ya miaka kumi chuo kitakuwa na hazina ya Kiswahili kinachosemwa ambayo leo hatuna, nasi hatutafanya utafiti kwa sentensi tulizojitungia mezani. Tatu, filamu za Kiswahili ziwe na maandishi ya Kiswahili pia, kwa ajili ya viziwi na kwa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Na filamu za Kigogo, Kihehe au Kirangi zipokewe kwa lugha zake, zikiwa na maandishi ya Kiswahili. Tafsiri ya chini ya picha isiwe daima ya kuelekea ng'ambo.

Nne, filamu zitoke nje ya chuo. Tamasha la Zanzibar lilikuwa na desturi ya kupeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba, nayo ilikuwa desturi njema. Dodoma ina sababu zaidi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitolewa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia kwa wingi; kwa hiyo katika kata moja kama Mkonze utakuta nyumba inayoamkiana Mbukwenyi, na jirani yake mtumishi wa wizara aliyetoka Dar es Salaam, na watoto wa nyumba zote mbili wakicheza pamoja kwa Kiswahili ambacho bado hakijaandikwa katika kitabu chochote. Sijui mahali pafaapo kuliko hapo pa kuipimia filamu. Watu wa hapa wana masikio yaliyozoezwa: ngoma ya muheme ya wanawake na nyimbo za Wagogo za sauti nyingi, ambazo marehemu Hukwe Zawose alizipeleka ng'ambo, haziimbwi na watu wasiosikilizana. Wakikaa mbele ya filamu wakaona kwamba kinywa na sauti haviendani, watanyamaza kwa adabu, kisha wataondoka mmoja mmoja. Mwamuzi wa chuo aketi nyuma yao na daftari, aandike ni katika maneno gani walianza kuondoka.

Haya ni maoni ya mtu mmoja, nami nimeyatoa ili yajibiwe. Wenzetu wa sanaa za maonyesho, na hasa wachoraji ambao mkono wao wajua mambo ambayo wanaisimu huyajua kwa karatasi tu, waandike katika kurasa hizi kuonyesha nilipopunguza au kuzidisha. Jambo moja tu naomba lisiahirishwe: mwanafunzi ajaye na mswada wa katuni kwa Kiswahili asiulizwe tena na mwalimu wake kwamba toleo la Kiingereza liko wapi, kabla mwalimu huyo hajamwomba ausome kwa sauti.